Sentensi Iliyofutwa

Mwaka jana, wakati naandika tasnifu yangu ya uzamili, nilipata kibarua cha miezi sita katika shirika dogo hapa Dar es Salaam. Shirika lilikuwa linahama kutoka kwenye makaratasi kwenda Google Workspace. Kwa siku mbili tulifundishwa mambo ya msingi: kuingia kwa akaunti ya ofisi, kupakia mafaili kwenye Drive, kumshirikisha mwenzako waraka mkauandika pamoja. Mkufunzi alikuwa na msemo wake: “Humu hakuna kinachopotea.” Tulimpigia makofi. Nani kati yetu hajawahi kupoteza kazi ya usiku mzima kwa sababu umeme ulikatika?

Baada ya hapo nilipewa jukumu la kumsaidia Mzee wa masijala, mstaafu wa serikali ambaye mafunzo yale yalimpita kwa kasi. Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba, akafuta miwani yake. Kufuta kitu kwenye kompyuta ndiko alikokuogopa zaidi, mpaka nilipomwonyesha kwamba faili likitupwa hukaa siku 30 kwenye kapu la taka kabla ya kuondoka kabisa.

Alijifunza kwa kulinganisha. Folda aliiita kabati. Ngazi tatu za ruhusa, yaani anayetazama tu, anayetoa maoni na anayehariri, alizielewa haraka kuliko sisi vijana. Masijala nayo ina ngazi: kuna ya wazi na kuna ya siri, na kila faili linalotoka huandikwa limekwenda kwa nani. Siku nilipomfungulia historia ya matoleo alisogea karibu na kioo. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua: nani aliandika nini, saa ngapi, akafuta nini. Maneno yaliyofutwa yalijitokeza yakiwa yamepigwa mstari katikati.

“Kwa hiyo mtu akimeza neno,” Mzee akasema, “hii inamtapisha.”

Nilicheka. Wiki mbili baadaye sikucheka tena.

Mkuu wetu alinishirikisha mpango wa kazi wa mwaka uliokuwa unafuata ili ninyooshe Kiswahili chake. Alinipa ruhusa ya kuhariri. Usiku, nikiwa chumbani kwangu, niliona aya moja ina pengo, kama mdomo uliong’olewa jino. Nikafungua historia nione ilivyokuwa mwanzo. Toleo la siku tatu nyuma lilikuwa na sentensi ambayo sasa haipo: kwamba nafasi ya masijala haitahitajika mwaka ujao. Iliandikwa asubuhi. Jioni ya siku hiyohiyo ilifutwa.

Kesho yake nilimwamkia Mzee kama kawaida, lakini nilishindwa kumtazama usoni.

Je, neno ambalo mwenyewe amelifuta bado ni neno lake? Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nadhani walikuwa wanausemea mdomo. Karatasi ilitupa nafasi ya kuzoa: rasimu ikichanwa, imekwisha. Katika Phaedrus, Plato anasimulia habari za mfalme Thamus, aliyehofu kwamba maandishi yatawafanya watu wasahau. Sisi tumefika upande wa pili wa hofu hiyo. Tuna maandishi yasiyokubali kusahau.

Na kusahau kuna kazi yake. Anayeandika huwa bado anafikiri. Tasnifu yangu imejaa sentensi nilizozifuta kwa aibu, nyingine zikimhusu msimamizi wangu. Kama angezisoma angepata picha ya mtu ambaye mimi nilikwisha kuamua kutokuwa. Kwa hoja hiyo, nilichopaswa kufanya ni kunyamaza na kujilaumu kwa kuchungulia.

Lakini sentensi ile haikuwa wazo la hewani. Ilikuwa ugali wa mtu. Ningekuwa mimi, ningetaka kuambiwa mapema, nianze kujipanga. Ila ningeambiwa nini hasa? Historia ya matoleo inasema nani, lini na nini. Haisemi kwa nini. Labda mkuu alijuta. Labda aliihamishia sentensi kwenye waraka mwingine. Labda anangoja muda tu. Nilikuwa na ushahidi kamili wa kitendo, na sikuwa na chochote kuhusu nia.

Nilimzunguka Mzee kwa swali. “Kule serikalini, mafaili ya siri ulikuwa unayasoma?”

“Mwanangu, ukipanga folio lazima utaona kichwa cha barua.” Akaniambia kwamba siku moja ilipita mikononi mwake barua ya uhamisho wa jirani yake, ambaye wiki ileile alikuwa ananunua matofali ya kujengea. Hakumwambia. Jirani alijenga msingi, akahamishwa, msingi ukaota majani. “Kazi niliifanya sawasawa,” alisema. “Yule bwana, mpaka leo nikimkumbuka, nageuza maongezi.”

Nilitarajia aniambie kwamba siri ni siri. Badala yake aliniachia mzigo uleule, tena yeye ameubeba miaka mingi.

Hatimaye nilikwenda kwa mkuu. “Samahani. Ukimpa mtu ruhusa ya kuhariri, anaweza kuona na ulichofuta.”

Alinitazama. “Wewe umeona?”

“Nimeona.”

“Asante kwa kuniambia.”

Swali la “kwa nini” lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza. Tangu siku ile nyaraka zake zilinijia kwa ruhusa ya kutoa maoni tu, na mwenye ruhusa hiyo haioni historia.

Nilijiona mwaminifu kwa siku mbili hivi. Kisha nikaanza kuona nilichokifanya. Nilikuwa nimelinda haki ya mwenye madaraka ya kubadili mawazo kimyakimya, nikafunga dirisha pekee ambalo habari ingeweza kumfikia asiye na madaraka. Mfumo uliniruhusu kuona, na mimi niliishia kubishana na nafsi yangu kuhusu kuona. Jambo gumu zaidi lilikuwa kumuuliza mkuu, mbele yake, Mzee ana nafasi gani mwaka ujao. Kwa hilo sikuhitaji ruhusa ya mtu. Nilihitaji ujasiri.

Mkataba wangu uliisha Mzee akiwa bado mezani kwake. Siku ya mwisho alinishirikisha barua ya kuniaga, aliyoiandika mwenyewe, akaniomba nisahihishe tahajia. Alinipa ruhusa ya kuhariri. Nilirekebisha maneno mawili. Historia yake sikuifungua, na sijui kama ile ilikuwa heshima au woga wa kukuta ameandika, kisha akafuta, kwamba alikwisha kujua.