Jiwe na Uso

Mchimbaji mdogo wa Geita hadanganywi na mng'aro wa jiwe. Hulisaga kwenye karasha, akalichenjua, ndipo ajue kama mna dhahabu. Mtazamaji wa filamu hana subira hiyo. Alipofariki Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, Aprili 2012, wako waliomhukumu mwigizaji mwenziwe, Elizabeth Michael, "Lulu", kabla shahidi hajasimama, kana kwamba kumtazama filamuni ni kumjua. Mahakama Kuu ilisikiliza kwanza. Novemba 2017 ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo miaka miwili. Je, hukumu hiyo iliwatakasa waliotangulia kuhukumu? Hasha. Abahatishaye akapatia hajatenda haki. Anunuaye filamu huazimwa uso wa mwigizaji kwa saa chache. Nafsi yake hainunuliki.