Mbuzi Mwenye Jina

Kuna swali ambalo jirani huniuliza kila akipita kando ya ua wetu huku Murang'a: huyo mbuzi ni wa nini? Hatoi maziwa. Hazalishi, maana ni dume aliyehasiwa. Hauzwi. Nikimwambia ni wa kukaa naye tu, anacheka mpaka anashika kiuno. Kwetu mbuzi ni wa kitu fulani: mahari, Krismasi, karo. Hata karo yangu ya chuo ilianza na mbuzi wanne wa mama, kabla sijaacha masomo mwaka wa pili. Kwa hivyo swali la jirani si la kipuuzi, na linastahili jibu zaidi ya "nampenda tu".

Anaitwa Wakili, kwa sababu hakuna jambo asilolipinga. Na jina lina gharama. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hulia kutwa. Basi akaja wa pili, Karani. Wawili wanataka banda, na mbuzi huchukia kulowa, kwa hivyo ni mabati juu, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka chini, yenye nafasi za kupitisha mkojo na kinyesi. Uzio ni futi 4, waya wa matundu madogo, kwa sababu seng'enge haimzuii mbuzi, inamkwaruza tu. Halafu mparachichi. Ulikuwa katikati ya ua, kivuli safi, ila majani yake ni sumu kwa mbuzi, yanaweza kumharibu moyo. Mti unatuletea pesa, Wakili haleti hata shilingi. Tukahamisha uzio.

Ndani ya ua huo wapo pia kuku wa mama, na kondoo mmoja aliyekuja baadaye. Hapo ndipo neno "usawa" lilianza kunisumbua. Chakula kinachomfanya kuku atage, mbuzi akikivamia na kushiba, nafaka huchacha tumboni mwake na anaweza kufa. Chumvi ya madini ya mbuzi ina shaba, na mbuzi anaihitaji. Kondoo akiilamba kila siku, shaba hiyo hujikusanya kwenye ini hadi imuue. Ukiwapa wote kitu kile kile kwa kipimo kile kile, utaua nusu yao kwa haki kabisa. Kwa hivyo kuku wanalia kwenye kibanda chenye tundu dogo, kuku anapita, mbuzi hapiti. Kondoo ana chumvi yake pembeni.

Sawa, hayo ni ya nyundo na misumari. Gumu ni hili: kuku mmoja wa ua huo ataliwa Krismasi, na Wakili atakuwa amesimama hapo akitafuna. Tofauti yao ni nini? Jeremy Bentham, yule Mwingereza, aliandika mwaka wa 1789 kwamba tusiulize kama mnyama anafikiri au anaongea, tuulize kama anaumia. Enyewe kuku anaumia. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inawakinga wote wawili wasiteswe, na haikatazi kuchinja. Basi tofauti haiko kwao. Iko kwangu. Wakili nimemzoesha kuja nikimwita, na kumchinja kiumbe aliyekuja kwa sababu ameitwa, kwangu mimi ni usaliti, hata kisu kiwe kikali namna gani. (Najua, kuku pia huja mama akirusha mahindi. Sina jibu la hilo, na bado nakula kuku.)

Mama hana muda na Bentham. Dadangu mdogo anaingia sekondari Januari. Jioni moja akichambua maharagwe aliniambia, bila hata kuinua macho: "Wewe ulisomeshwa na mbuzi. Huyu asisomeshwe na mbuzi kwa nini? Ati kwa sababu ana jina? Dadako naye ana jina."

Nimelitafutia hoja hiyo tundu, sijaliona. Ahadi kwa Wakili niliitoa mimi, hakuna aliyenituma. Dadangu hakuwepo tulipokuwa tukiahidiana, na sioni kwa nini yeye ndiye abaki nyumbani ili mimi nijione mtu mwema. Huruma ambayo bili yake inatumwa kwa mtoto mwingine ni starehe tu. Kwa hivyo tumepatana hivi: mama alitaja bei ambayo mbuzi hao wawili wangepata sokoni, akaiongeza kidogo, mama ni mama, na mimi nawanunua kwa awamu kutoka kwa pesa ya kuandika.

Nimelipa awamu mbili. Ya tatu inangoja mhariri mmoja ajibu barua pepe.