Mvua ya Kwanza na Jembe: Je, Kulima Kwamzuia Mtu na Ibada?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Ateremshaye mvua kwa kipimo, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Waarabu wana miezi miwili iitwayo Rabii, na maana yake ni majira ya kuchipua majani. Walakini kwa kuwa mwaka wa Hijra hufuata mwezi wala haufuati jua, Rabii huzunguka majira yote, na pengine huangukia kiangazi kikali. Nasi tukaao karibu na mstari wa Ikweta hatuna theluji hatta tukaingoja Rabii kama waingojavyo watu wa kaskazini. Rabii yetu ni mvua ya kwanza. Huko Karagwe na Kyerwa, katika mkoa wa Kagera, mvua hizo ni mara mbili kwa mwaka: za Septemba hatta Disemba, na za Machi hatta Mei. Zikianza, vilima vilivyokuwa na rangi ya majivu hugeuka kijani kwa siku chache, na watu, waume kwa wake, hutoka na majembe kwenda katika kibanja, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba, wapande maharage chini ya migomba na mibuni.

Katika nchi hiyo nalikuwa nikisomesha madrasa. Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, ilinyesha mvua usiku kucha. Asubuhi akanijia kijana wa miaka kama kumi na miwili, akasema: "Maalim, naomba ruhusa ya siku tatu nikamsaidie mama kupanda maharage." Mama yake alikuwa mjane. Nami nikamjibu kwa ukali: "Rudi kwenye ubao wako. Jembe halitakujibia maswali kaburini." Kijana akanyamaza, akarudi. Mama akalima peke yake. Nusu ya shamba akaipanda kwa wakati wake, nusu ya pili akachelewa, na mwaka ule mvua zikakatika mapema, maharage yaliyochelewa yakakauka yangali katika maua. Mwezi wa Januari mama yule alinijia. Sikuletewa lawama, bali kikapu kidogo cha maharage, sehemu ya mwalimu, naye akaniomba radhi kwa kuwa ni kidogo.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimejiuliza: Je, nilisimama upande wa dini, au nilisimama upande wa kiburi changu nikakiita dini?

Kwanza tuitazame hoja iliyo upande wangu, maana haifai kuificha. Imam Bukhari amepokea kwa Abu Umama kwamba aliona chombo cha kulimia, akasimulia kuwa Mtume, sala na salamu zimshukie, alisema kitu hicho hakiingii nyumba ya watu ila unyonge huingia nacho. Mwenye kuisikia hadithi hii peke yake hudhani kulima ni aibu. Lakini Bukhari mwenyewe ameiweka chini ya mlango unaotahadharisha juu ya kushughulishwa na vyombo vya kilimo au kupita kiasi kwa jambo hilo. Basi lililokatazwa ni kupita mpaka, si jembe. Na vipi liwe jembe, ilhali Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas kwamba Muislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka? Tena imepokewa kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Ikiwa saa ile mche haukuachwa, itakuwaje kuuacha kwa ajili ya somo liwezalo kungoja siku tatu?

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walizungumza juu ya pato lipi lililo bora. Al-Mawardi alitaja kilimo, biashara na ufundi, akasema kuwa lililo karibu zaidi na madhehebu ni biashara, ila yeye binafsi akakipa kilimo daraja ya juu, kwa kuwa kiko karibu zaidi na kumtegemea Mungu. Akaja An-Nawawi akasema kuwa lililo sahihi ni kazi ya mkono, na kazi hiyo ikiwa ni kulima, basi ndilo pato bora kabisa, maana limekusanya jasho la mtu, na kutawakali, na nafuu ienezwayo kwa watu na wanyama.

Enyi ndugu zangu wa pwani, neno hili latuhusu sisi khasa. Wazee wetu walifika Karagwe zamani. Katika karne ya 19, zama za Mukama Rumanyika, palikuwa na kituo cha wafanyi biashara wa pwani mahali paitwapo Kafuro, karibu na Bweranyange. Walifuata pembe za ndovu. Na huku kwetu mashamba ya karafuu na nazi na mtama yalilimwa kwa mikono ya watumwa, hatta jembe likawa kwa wengi wetu alama ya udhalili. Sheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Utumwa ulikwisha, walakini ile dharau ya jembe hatukuifuta nyoyoni. Mimi nilipomjibu kijana yule, nalidhani nasema kwa ulimi wa Sharia, kumbe nasema kwa ulimi wa bwana shamba. Na mithali ya wazee wetu wenyewe yatusuta: achanikaye kwa mpini hafi njaa.

Labda mtu atasema: "Na elimu je, tuiache?" Hasha. Tazama alivyofanya Sayyidna Umar. Yeye na jirani yake wa Kiansari walipokezana: huyu akihudhuria kwa Mtume siku moja, na yule siku ya pili, na killa mmoja akimpasha mwenziwe khabari ya alichosikia. Kazi haikufa na elimu haikupotea. Haya nayajua tangu ujana wangu, nami nikayasomesha, lakini sikuyatumia siku yalipotakiwa. Sasa mvua ya kwanza ikinyesha, wanafunzi wangu hugawanyika makundi mawili, na hupokezana siku.

Tena shamba lenyewe ni darsa. Mara nyingi Qurani yatupigia mfano wa ardhi iliyokufa ihuishwayo kwa mvua, ili tujue kuwa wafu watafufuliwa. Kijana aihifadhiye aya hiyo ndani ya kuta nne ameshika maneno. Akitoka nje akaona chipukizi la haragwe limepasua udongo, ameshika na maana. Na Muslim amepokea kuwa mvua ilipowanyeshea, Mtume alifunua nguo yake mwili upate mvua, akaeleza kuwa ndiyo kwanza itoke kwa Mola wake. Basi kutoka nje kuipokea mvua kwa shukrani si upuuzi.

Walakini kulima kuna adabu zake. Sala isipitwe na wakati. Maharage yawekwayo akiba, yakitimia wasaki tano, yatolewe Zaka: fungu la kumi ikiwa yamenyweshwa na mvua, ndizi hazina Zaka ya mazao, ila sadaka haina mpaka. Na jirani asidhuriwe. Huko Kagera uliingia ugonjwa wa mnyauko wa migomba, nao huchukuliwa na kisu kutoka mgomba hatta mgomba. Mwenye kukata bila ya kukipitisha kisu chake motoni, au kuacha mgomba mgonjwa usimame kwa uvivu, amemdhuru mwenziwe, na dini yetu haina kudhuru wala kulipizana madhara.

Kikapu kile nalikipokea, na kwa haya sikuweza kusema neno. Mvua za Machi zilipoanza, nalikwenda mimi na kijana yule katika kibanja cha mama yake, nikashika jembe. Mikono yangu ilichubuka siku ya kwanza. Namuomba Mwenyezi Mungu aijaalie kuwa kafara, na atupe sisi na nyinyi mvua ya rehema, na mikono isiyoona haya kufanya kazi.

Wallahu aalamu.