Shikeni Dai, Msimshike Mtu

Ndugu zangu wa Thika na Ruiru, mnaodamka gizani kukimbilia viwanda, machimbo ya mawe na mashamba, nawasihi mumjue Harry Thuku. Myajue maisha yake yote, matamu na machungu.

Alizaliwa mwaka 1895 Kambui, papa hapa Kiambu. Mwaka 1921, walowezi walipoamua kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi, yeye alikuwa akipokea simu katika Hazina ya serikali. Angeweza kunyamaza ale mshahara wake. Hakunyamaza! Aliunda chama na wenzake, wakapeleka telegramu London, kazi ikamtoka. Akazunguka vijijini akipinga kipande, yaani cheti walicholazimishwa wanaume Waafrika kubeba, kodi, na dhuluma iliyowachoma watu kuliko zote: wasichana na kina mama kuswagwa wakachume kahawa ya walowezi. Ardhi yetu hii inayoota maghorofa ilikuwa ya mibuni. Mtume Yakobo aliwakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, na Thuku aliwakemea wa zama zake.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa mbele ya kituo cha polisi Nairobi. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao, tusi zito kwa Mgikuyu, akawaongoza wanawake kusonga mbele. Risasi zikalia. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21, na mama huyo alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa kifungoni na uhamishoni takriban miaka tisa.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Mwaka 1935 alianzisha Kikuyu Provincial Association, chama kilichoahidi utiifu kwa serikali ya kikoloni, na vita vya Mau Mau vilipokuja aliwapinga wapiganaji. Simhukumu, maana aliteseka mno. Lakini waliomtegemea yeye waliachwa mayatima, na walioshika dai la mishahara, ardhi na kipande walisonga mbele bila yeye.

Mbona basi sisi kila uchaguzi twamngoja mkombozi? Sensa ya 2019 ilikuta Ruiru peke yake ina watu zaidi ya 490,000. Je, kati yao hakuna wa kuuliza? Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya bajeti yanapaswa kulifikia bunge hilo kabla ya 30 Aprili kwisha. Kina mama wa vyama, vijana wa bodaboda, waumini wa kila dini, yasomeni! Fikeni vikaoni. Ulizeni habari za maji, za mitaro, za ujira wa vibarua wa kaunti, na msiridhike mpaka mjibiwe kwa maandishi. Mheshimiwa mliyempigia kura akigeuka, msigeuke naye. Rudini mwaka unaofuata na swali lile lile.