Usiku wa Kwanza Chini ya Kasigau

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia umepata ile kazi ya kambini, ya kuongoza watoto wa shule wanaokuja kulala hapa kwetu siku nne au tano, wakapanda mlima, wakavuka kamba, wakafundishwa nyota na nyayo za wanyama. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa pia mlezi wa skauti, na baada ya kustaafu niliendelea kuwapandisha mlimani watoto wa watu mpaka magoti yakakataa. Kwa hiyo nisikilize kidogo kabla hujavaa hiyo fulana yao.

Wewe unawaza mlima. Juzi nilikuona ukifunga na kufungua mafundo kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Ni vizuri, yajue yote. Lakini Kasigau, pamoja na mita zake 1,641, umezaliwa ukiutazama, na njia ya kupandia kutoka Rukanga unaijua hata kwenye ukungu. Kitakachokutoa jasho ni saa tatu usiku wa siku ya kwanza. Moto umezimwa, wenzake wamechoka kwa kucheka, na mtoto wa miaka tisa aliyetoka Nairobi au Mombasa amejifunika blanketi gubigubi, hatoi sauti.

Anayelia kwa sauti usimhofie sana. Huyo ataonekana, atabembelezwa, atapewa chai. Mwangalie yule aliyesukuma sahani mapema akasema ameshiba. Mwangalie anayefunga begi lake upya ilhali hakuna anayesafiri. Mwangalie anayekuuliza mara tatu leo ni siku gani.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Kambi yenyewe siitaji, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa na watoto ishirini na wawili, wengi wao wa Mombasa. Jioni ya kwanza mvulana mmoja hakugusa ugali wake. Nikamwambia, "Kula, kesho kuna mlima," nikapita kwenda meza nyingine. Asubuhi tukaanza kupanda. Nilihesabu tukiondoka, nikahesabu tena tulipoacha mashamba, kisha tukaingia msituni, na huko nikawa na raha zangu: namwonyesha huyu kuvu kwenye gogo, namwambia yule anyamaze asikie ndege. Tulipofika penye jiwe la kupumzikia nikahesabu. Ishirini na mmoja. Nikarudia kwa kugusa vichwa. Ishirini na mmoja.

Nilimwachia mwenzangu watoto, wakiwa wameketi chini wameshikana mikono, nikateremka nikipuliza firimbi. Dakika arobaini. Ukitaka kujua dakika arobaini ni ndefu kiasi gani, muulize mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenziwe akarudi na idadi pungufu. Nilimkuta amekaa juu ya mwamba kando ya njia, mahali miti inapoachana, magoti ameyakumbatia, anatazama upande wa mashariki. Hakuwa amepotea, wala hakujua kwamba anatafutwa. Aliponiona aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, bahari iko wapi? Mbona siioni?"

Mbele yake kulikuwa na nyika tupu, kijivu mpaka mwisho wa macho. Alitaka kuona kwao. Kama ningekaa naye dakika tano pale mbele ya ule ugali, angeniambia, nami ningejua ni mtoto wa kutembea karibu nami.

Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuongoza bila mtu mzima nyuma kabisa, na nyuma yake asibaki mtoto hata wa kufunga kamba ya kiatu. Mwendo nilimwachia mtoto wa polepole kuliko wote. Nilimweka mbele karibu nami, na nikawakataza wengine kumpita. Na sikuhesabu tena kwa tarakimu peke yake. Tarakimu hudanganya: vikundi viwili vikikutana njiani, mtoto wa kikundi kingine akiingia kwako, jumla inatimia na wako hayupo. Ita jina, ngoja jibu, tazama uso. Fanya hivyo kila mnapoondoka mahali, hata kama mlikaa kwa kunywa maji tu.

Na sisi watu wa Kasigau, mjukuu wangu, haifai tumdharau mtu anayelilia kwao. Unajua habari ya mwaka 1915. Wajerumani walikuja mpaka hapa kutoka upande wa Taveta, na Waingereza wakawashuku wazee wetu kwamba wamewasaidia adui. Wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa kwenye joto na malaria ya pwani, wengi wakazikwa huko huko, na waliosalia hawakurudi hadi miaka ya 1930. Nyanya yangu aliondoka hapa akiwa msichana mdogo akarudi mwanamke mzima. Hata alipozeeka, asubuhi ambayo mawingu yamefunika mlima alikuwa anatoa kigoda nje, anakaa, anangoja mpaka kilele kionekane, ndipo aingie kuinjika chai. Hakuna aliyemcheka.

Basi usimwambie mtoto, "Usilie, wewe ni mkubwa." Muulize kwao wanalala wangapi chumbani. Muulize chai ya kwao ina tangawizi au haina. Kisha mpe kazi: akushikie tochi wakati unafunga mahema, asuuze sufuria pamoja nawe. Mikono ikishughulika, koo hulegea. Akiomba kumpigia mama yake usiku ule, shauriana na mwalimu wao, na kama si mgonjwa mwahidi simu ya asubuhi, kisha uitimize ahadi hiyo kabla ya uji. Sauti ya mama gizani huzidisha machozi, ila asubuhi, jua likiwa limechomoza, huwa ni furaha.

Kuna watakaokojoa kitandani, hata wa darasa la sita. Hili nakuomba ulishike sana, kwa maana mtoto anaweza kusahau mlima mzima akakumbuka asubuhi aliyochekwa. Mjue mapema, mwalimu au mzazi atakunong'oneza. Mwamshe kabla wewe hujalala, na mwenzako akiwa macho mmpeleke chooni. Ikitokea amelowa, geuza godoro, mpe leso kavu ajifunge, na asubuhi toa mashuka ya hema zima uanike yote kwenye kamba kana kwamba ndiyo desturi ya kambi. Wenzake wataona mashuka kumi na mawili yanapepea. Hawataona la nani.

Wakikaa kuzunguka moto watakuuliza habari za simba wala watu. Ni kweli, mwaka 1898, wakati wa kujenga daraja la reli kwenye mto Tsavo, simba wawili waliwala wafanyakazi, na ngozi zao zimejazwa zikawekwa jumba la makumbusho huko Chicago. Simulia mchana. Nimeona viongozi vijana wakitafuta sifa kwa kuwatisha watoto usiku, halafu mtoto anazuia mkojo mpaka alfajiri kwa kuogopa kutoka nje, na wewe ndiye unayeanika mashuka.

Kuhusu nyika yenyewe sina mengi, umekulia humu. Jua likianza kuzama watoto wawe ndani ya kambi, kwani ndovu hawasomi ratiba. Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa ajili ya nge. Mtoto akiumwa na moma, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze, mguu usitikisike, mtulize, tafuta gari mwende Hospitali ya Moi pale Voi bila kupitia kwa mtu yeyote wa dawa. Maji kila mtoto awe na chupa yake, na uione ikipungua kwa macho yako, usitosheke na jibu la "ndiyo nimekunywa."

Lingine ni zito, na nalisema kwa sababu nakupenda. Usikae na mtoto mmoja peke yenu ndani ya hema au chumba, hata kwa nia njema namna gani. Akitaka kukueleza jambo, kaeni nje mahali watu wanawaona japo hawawasikii. Watoto wakiwa mbali na nyumbani wakati mwingine husema mambo ya nyumbani ambayo hawajawahi kumwambia mtu. Mtoto akianza na "nikuambie, lakini usimwambie mtu," usikubali sharti hilo. Mwambie ukweli kwamba kama kuna anayemuumiza utatafuta wa kumsaidia. Sikiliza bila kumhoji kama polisi, andika maneno yake jinsi alivyoyasema, mweleze msimamizi siku hiyo hiyo. Msimamizi akikuambia ulinyamazie, kuna 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, Kenya nzima. Kazi nyingine utapata. Usimwache mtoto huyo apande basi la kurudi na siri yake ileile.

Mshahara wadai kwa maandishi, na siku zako za kupumzika pia, maana aliyekesha siku tano hawezi kuhesabu watoto vizuri siku ya sita.

Wale wa kwanza wanafika Jumatatu, ndivyo mama yako alivyosema. Orodha ya majina wanaipata kambini kabla ya basi. Iombe Jumapili mchana, uje nayo hapa, tuisome pamoja kwa sauti. Yatakuwepo majina ya Kisomali, ya Kiluo, ya Kihindi, mengine ulimi utayakwepa mara ya kwanza. Nataka wakishuka kwenye basi, kila mmoja umwite kwa jina lake jinsi mama yake anavyoliita. Na firimbi yangu nimeitoa kwenye kasha, nimeisugua kwa majivu. Bado inalia.