Mafungu Mawili

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, mtu anawezaje kumchukia asiyemjua?" Sikuwa na jibu la haraka, nikamsimulia habari ya wanafunzi wa Nyange, nchini Rwanda.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari, watu wenye silaha waliwavamia darasani wakawaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu. Baadhi yao wakafa. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa nchi yao.

"Ningekuwa mimi, ningeweza?" akauliza.

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kwamba niliwahi kunyamaza jirani yetu alipotukanwa kwa ajili ya kabila lake, na hapakuwa na bunduki mbele yangu. Chuki haianzi na risasi. Huanza pale tunapokubali kugawanywa mafungu. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana anayekataa leo kucheka mwenzake anapodhihakiwa, huenda siku ya hatari akapata nguvu ya kusema: sijitengi.