Ng'ombe ni wa Nani?

Kila ninapokunywa maziwa ya mgando hapa Nyamirambo, namkumbuka mama mdogo kule Bugesera. Ng'ombe wao alitoka katika mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006: familia maskini hupewa ng'ombe mmoja, na ndama jike wa kwanza hukabidhiwa jirani mwenye haja. Ng'ombe huyo hachungwi. Hukaa zizini, huletewa majani. Na anayeyaleta ni mama mdogo, ambaye akishaswali Alfajiri hushika mundu. Zamani mila zetu zilimkataza mwanamke kukama. Siku hizi anakama, lakini pesa za maziwa huingia kwenye simu ya baba mdogo.

Mwaka jana baba mdogo aliuza ndama dume ili mimi nilipe ada. Mama mdogo alirudi na mzigo wa majani kichwani, akakuta kamba tupu. Hakugomba. Aliniambia tu, "Soma, mwanangu."

Basi nimesoma kwa mali ya nani? Baba mdogo si mwizi. Jina lake ndilo lililoandikwa, na mimi ndiye niliyemlilia shida. Lakini kumbukeni kisa cha Nabii Musa (a.s.) huko Madyan, katika Suratul-Qasas. Aliwakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao wasisogee majini, akawanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini. Baba yao akamwita ili amlipe. Kunywesha mara moja tu, na kukahesabiwa kazi yenye ujira! Mama mdogo hubeba madumu asubuhi na jioni, nasi twaiita shughuli za nyumbani.

Mwenzangu mmoja wa darsa alinijibu kwamba mume ndiye mlishaji wa familia, kwa hiyo kauli ni yake. Kulisha ni wajibu wake, sikatai. Ila wajibu huo haumpi mali ya mkewe, na Suratun-Nisaa, aya ya 32, imetaja fungu la wanawake katika wanachokichuma peke yake, mbali na la wanaume.

Likizo ya Idi nilikwenda kumwomba radhi. Akacheka: "Ndama keshakwenda huyo." Kisha akanipa mundu. Nilikata majani siku tisa, mikono ikachubuka. Baba mdogo nilimwomba jambo moja, kwamba ndama ajaye asiuzwe kabla mama hajaulizwa. Bado hajanijibu.